Vitatu vya Mwezi

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Ipokee, ingawa leo nimeitoa kwa ncha ya ulimi. Hamjambo huko? Wifi yangu anaendeleaje na mgongo wake? Na yule mtoto wa kati, bado anakataa kulala bila taa? Mimi sijambo. Mafua yaliyonisumbua muhula uliopita yamekwisha, shule imefunguliwa, na wanafunzi wamerudisha vitabu vya maktaba vikiwa na madoa ya chai kama kawaida yao. Nawaombea nyote afya njema. Wewe nakuombea zaidi nafasi ya kukaa peke yako, ufunge mlango, uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaanza kutafuta mtu wa kumsimulia.

Ukiiona bahasha ilivyo nene utadhani ni ile ya kila mwezi. Siyo. Usihangaike kuitikisa, hamna flashi ya muziki ndani.

Naomba nianzie mbali, hata kwa yale unayoyajua. Wewe ukisimulia jambo huwa linatoka na viungo ambavyo halikuwa navyo, na safari hii nataka mimi na wewe tuwe na hadithi moja. Baba alipobakiwa na vivuli tu machoni, tulikaa sebuleni kwake tukashauriana. Mtu aliyekula ujana wake kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi ndogo kuliko mbegu za ufuta, sasa alikuwa hatambui kama aliyeingia mlangoni ni mimi au ni shangazi. Kuhama alikataa katakata. Alisema nyumba ile anaijua kwa miguu, na akihamia kwa yeyote kati yetu atakuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Mama alikuwa ameshatangulia. Wewe unakaa karibu naye, mimi niko mbali, na kazi ya maktaba ya shule hainipi ruhusa ila likizo.

Simu nayo unajua inavyonifanya. Kigugumizi changu mbele ya mtu kina nafuu, maana mtu ananiona midomo na mikono na anajua nipo njiani nakuja. Kwenye simu hamna kitu. Nakwama kwenye herufi, Baba upande wa pili anasubiri, mimi nasikia anavyosubiri, na kusubiri kwake ndiko kunakonikaba zaidi. Siku nyingine alidhani laini imekatika akaweka simu chini kwa upole, nami nikabaki nimeishika na neno langu mdomoni.

Ndipo nikakuletea wewe, tukiwa wawili tu, wazo la vitatu vya mwezi. Nitamwandikia Baba kila mwezi mambo matatu: wimbo mmoja wa kusikiliza, namna moja ya kupanga vitabu vyake ili rafu ile ya sebuleni isigeuke ukuta, na chakula kimoja chepesi ambacho mtu asiyeona anaweza kujipikia bila kumwita jirani. Wewe utamsomea. Nakumbuka ulivyocheka, ukanigonga bega, ukasema, “Wewe andika tu, mdomo ninao.” Na kweli unao. Mshereheshaji gani mjini anakufikia? Hata Mama alikuita Spika tangu hujaota meno ya ukubwani. Mimi sijawahi kukuita hivyo kwa sauti kwa sababu P ndiyo herufi yangu ngumu, lakini moyoni nilikuona hivyo hivyo, spika yangu. Nilifurahi kwamba hatimaye maneno yangu yatamfikia Baba bila kukwama.

Sijui kama uliwahi kujiuliza nilikuwa nayaandika vipi. Hakuna chakula nilichomwandikia Baba ambacho sikukipika kwanza nikiwa nimejifunga kitambaa machoni, jikoni kwangu, mlango umefungwa nisije nikaonekana mwendawazimu. Kovu la kwenye kiganja changu ulilouliza ulipopita kwangu ni la kifuniko cha sufuria cha mwezi wa viazi. Ile mbinu ya gololi niliipata hivyo hivyo. Nilikuwa nachemsha maji sioni kitu, sijui yamechemka au bado, nikakumbuka tulivyokuwa tunacheza gololi kwenye sakafu ya saruji zikigonga. Nikaosha moja ya kioo nikaitumbukiza. Maji yakichemka inaanza kugonga chini ya sufuria, ko-ko-ko. Yakikaribia kukauka mlio unabadilika, unakuwa mkali. Nilikaa sakafuni na kitambaa changu nikicheka peke yangu, nikamwona Baba akisikiliza.

Rafu nayo niliihangaikia. Maktaba ikishafungwa nilikuwa nafumba macho na kupapasa vitabu vya shule, nikijaribu ni kitu gani mkono unakikumbuka. Mwezi mmoja nikaandika kwamba vitabu vya kusomewa vikae kushoto na vya kushikwa tu vikae kulia, maana kuna vitabu ambavyo Baba hataki tena kujua vinasema nini, anataka kuvishika tu. Mwezi mwingine nikasema vile vyote ambavyo Mama alitishia kuwashia jiko vikae pamoja rafu ya chini, kila kimoja na raba ya kufungia noti kwenye mgongo wake, ili akikosa usingizi wa mchana ajue aende kwa wakorofi wake. Na nyimbo, Kaka! Nilikuwa nakaa kwa fundi redio wa mtaani kwetu, yule mwenye makasha ya kaseti hadi darini, namwelezea kwa mikono wimbo ninaoutaka, naye ananihamishia kwenye flashi. Kuna mwezi nilimtafutia Baba muziki wa gitaa tupu, hauna maneno hata moja, nikamwandikia ausikilize akiwa anakunja nguo, kwa sababu mikono yake ikiwa na kazi masikio yanatulia.

Nawe kila mara ulinijibu kwa ujumbe mfupi: “Amefurahi sana. Anakusalimu.” Nilikuwa nausoma ujumbe huo mpaka nauota. Ndio ulikuwa mshahara wangu.

Sasa tuje kwenye yaliyonileta. Siku moja mwalimu wa hesabu aliingia maktaba na simu yake mkononi akisema lazima nitazame video fulani, watu wote wanaitumiana, kuna mshereheshaji amewaliza wageni harusini. Nikatazama, nikakuona wewe na ile suti yako ya kung’aa. Nilijivuna, nikamwonyesha kwa kidole kwamba huyo ni kaka yangu. Ulikuwa unawaasa maharusi. Ukawaambia mapenzi si maneno, mapenzi ni kazi, ukasimulia jinsi unavyomtunza baba yako asiyeona. Ukasema kila mwezi unakaa unafikiria umpe wimbo gani, umpangie vitabu namna gani, umfundishe kupika nini. Ukaitoa gololi mfukoni! Ukaigonga kwenye glasi mbele ya maikrofoni, ko-ko-ko, mama wa bibi harusi akatoa leso.

Nilisubiri utaje jina langu. Nakuapia nilisubiri mpaka picha ikasimama. Mwalimu wa hesabu akafuta macho yake akaniambia nina bahati kuwa na kaka wa namna ile. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi na koo langu lilikuwa limefunga kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu.

Usidhani nilikuhukumu siku hiyo hiyo. Nilikutetea mimi mwenyewe dhidi yangu mimi mwenyewe. Nikasema labda aliyerekodi amekata mwisho. Nikasema kazi ya kipaza sauti ina chumvi yake, ukumbini mtu husema “mimi” ili hadithi iende haraka. Nikasema jambo la maana ni kwamba nyumbani Baba anajua vinatoka wapi. Nikajituliza na hilo, na likizo ilipofika nikasafiri kwenda kwake bila kukuarifu. Jirani alinieleza kwamba umekwenda kusherehesha mji mwingine na hutarudi mapema. Sikukukwepa. Nilitaka tu kumwona Baba akivitumia vitatu vyangu nami nikiwa nimekaa mbele yake.

Nilimkuta na shangazi. Nyumba ni safi, viti viko ukutani kama tulivyoviacha, na ile kamba uliyomfungia kutoka jikoni hadi chooni imeanza kulegea, ikaze. Baba alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanipima mashavu, akasema nimekonda. Kisha akataka nikae nitazame anavyopika. Akaweka sufuria jikoni, akaitumbukiza gololi, akasimama kichwa kimeinama akisikiliza, na ilipoanza kugonga akacheka kama mtoto. Halafu akasema kwa sauti ya kujigamba kwamba hayo ni mambo ya kaka yangu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasubiri amalize. Akanipeleka kwenye rafu, akaniwekea mkono juu ya zile raba, akanieleza vitabu vya wakorofi na vitabu vya kushikwa, kila kitu nilichokiandika kwa mkono wangu, na kila sentensi ikiisha na kaka yako, kaka yako, kaka yako. Akawasha muziki wa gitaa. Akasema hajui umeutoa wapi, lakini wewe tangu utotoni una sikio. Una sikio gani, Kaka? Wewe uliyekuwa ukiimba kila wimbo kwa mahadhi ya tangazo la sabuni!

Shangazi naye hakuniacha nipumue. Unamjua, kinywa chake hakina pazia. Tukiwa mezani alinitazama kijiko kikiwa hewani, akasema ndiyo hivyo, watoto wa kiume wanasemwa vibaya lakini tazama nani anayemkumbuka baba yake. Akasema mimi msomi wa vitabu, ninayeshinda kwenye kivuli, hata barua moja sijaweza kumwandikia mzee kipofu. Akasema Mama angekuwepo angeona aibu. Baba akamwambia aniache nile, lakini hakumwambia kwamba si kweli.

Basi nikataka kusema. Nikaweka kijiko chini, nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa, nikafungua mdomo niseme kwamba kupika, kupanga na yote mengine ni mimi. Ilikuja ile P. Unanijua inavyokuwa. Shingo ikakaza, jicho moja likafumba, midomo ikafungana, na neno likasimama hapo hapo nyuma ya meno. Shangazi alinitazama kidogo, akanionea huruma, akanimalizia yeye. “Pole? Unataka kusema pole? Haya, mwombe baba yako radhi, hujachelewa.” Na mimi, Kaka, mtu mzima, mwenye funguo za maktaba nzima, nilimaliza kula wali wangu nimekwisha kuomba radhi kwa kosa lako.

Nimelala na maneno mengi ya watu tangu nizaliwe. Watoto wamenicheka, walimu wamenikatisha, wanaume wawili watatu wamenisikiliza dakika moja wakakumbuka wana safari. Wote hao hawakunifikia ndani kama hili. Wao walinichukulia zamu yangu ya kusema. Wewe ulichukua kile nilichokwisha kukisema, ukakivaa, ukatoka nacho barabarani. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwezi hadi mwezi, “amefurahi sana, anakusalimu,” kumbe hakuna salamu iliyotumwa kwangu, maana hakuna aliyejua kwamba nina cha kusalimiwa. Ile salamu uliitunga mezani kwako ukinywa chai. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko gololi.

Kama yangeishia hapo ningekuandikia ukurasa mmoja wa matusi ya heshima, tukanuniana mwaka, tukapatana kwenye harusi ya mtoto wa mtu. Hayakuishia hapo.

Shangazi aliaga mchana. Mimi nikaosha vyombo, Baba akawa anavifuta, kazi anayoipenda kwa sababu anajua kila sahani ilipopasuka. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba mwezi ule wa supu ya karoti nilikosea, chumvi ilikuwa nyingi. Nikaacha bomba linatiririka. Akasema tena, taratibu, kwamba anajua ni mimi. Amejua tangu mwezi wa pili wa vitatu.

Nikamwuliza amejuaje. Akacheka kidogo akasema ni kwa sababu ya pilipili. Unakumbuka nilipokuwa mdogo, Baba ndiye aliyenifundisha kwamba neno likinikatalia nisigombane nalo, nichukue jirani yake. Nikikwama kwenye “polepole” niseme “taratibu.” Nikikwama kwenye “pasi” niseme “kile cha kunyooshea.” Mpaka leo nazunguka hivyo, na tabia hiyo imeingia hadi kwenye kalamu, ingawa karatasi haijawahi kunikaba. Kwa hiyo mwezi ule wa pili wewe, Kaka, uliyejaliwa ulimi usio na breki, ulikaa kwenye kiti cha Baba ukamsomea kwa sauti yako nzuri ya ukumbini kwamba “nyunyiza kile kikali cheusi kidogo, iache iive taratibu, na kifuniko kikae mkono wa kushoto.” Baba anasema alikuwa karibu kukuuliza ni nini kinachokuzuia kusema pilipili na polepole. Akajizuia. Anasema alinisikia mimi waziwazi, nikizungukazunguka ndani ya sauti yako, na aliona haya kulia mbele yako.

Utaona leo nimeandika pilipili, kupika, kupanga na pole bila kuzunguka popote. Hasira nayo ina faida zake.

Nilishika ukingo wa sinki. Nikamwuliza, na safari hii nilikwama sana na yeye alisubiri mpaka mwisho, kama alijua, kwa nini alikaa kimya mezani shangazi akinitia aibu. Kwa nini anakusifu wewe hata nikiwa mbele yake? Baba aliifuta sahani ile ile muda mrefu. Akasema shangazi akijua leo, wewe utajua kesho. Na wewe ukijua kwamba yeye mwenyewe anajua, hutakuja tena.

Kisha akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema, sitii kiungo. Zamani ulikuwa unakuja unasimama mlangoni. Hukukaa. Alikuwa anasikia funguo za gari zikicheza mkononi mwako tangu unapomwamkia, na kabla hajajibu habari za kazi ulikuwa umeshaaga. Alikwisha kuzoea kuwa na mtoto wa kiume anayemjua kwa mlio wa funguo. Vitatu vilipoanza ukalazimika kukaa umsomee. Akakusifu siku ya kwanza kwa kudhani ni vyako, na wewe hukukataa, ulisema umejitahidi. Mwezi uliofuata ukaja mapema, ukavua viatu. Anasema alisikia viatu viwili vikianguka sakafuni, akajua hutaondoka haraka. Mkapika, mkaunguza, mkala hivyo hivyo. Ukausikiliza wimbo mara mbili. Ukamwuliza habari za kiwanda cha uchapaji, ambazo hujawahi kumwuliza tangu uzaliwe. Sasa unakuja na kukaa mpaka jioni, na siku moja ulisinzia kwenye kiti, akakusikiliza ukikoroma akaona ni muziki kuliko wa gitaa.

Akasema, “Wewe hata ukinyamaza najua uko upande wangu. Yeye nilikuwa nimeshampoteza.”

Hayo aliyatamka kama mtu anayenipa sifa. Na mimi nilisimama na sabuni mikononi nikaelewa kwamba Baba alipiga hesabu yake, akaona kati ya watoto wawili mmoja hapotei hata akitupwa, basi akamtoa huyo ili ampate mwingine. Aliacha shangazi anidharau, aliacha majirani waniite mtoto asiye na shukrani, na alikula viazi vyangu akikushukuru wewe, kila mwezi, huku akijua. Wewe ulinisaliti kwa kupenda sifa, hilo ninalielewa, ni ugonjwa wako tangu utotoni. Yeye alinisaliti kwa kuniamini. Sijui hilo linatibiwa na nini. Nampenda, na nimemkasirikia kiasi kwamba nilikaa chumbani siku nzima iliyofuata nikisingizia kichwa.

Kabla sijaondoka aliniomba nimwahidi. Kwamba nitaendelea kuandika, na kwamba sitakwambia. Alinishika mikono yote miwili. Nikasema ndiyo. Ni neno lisilonisumbua kulitamka, na labda ndiyo sababu nililitamka haraka.

Nimerudi, nimekaa maktaba baada ya kengele nikajaribu vitatu vya mwezi huu. Wimbo nilikuwa nimeshaupata tangu kabla ya safari, fundi redio ameniwekea kando. Chakula nimekijaribu, ni kizuri, hata wewe ungekiweza. Nilifika kwenye mstari wa kwanza, nikaandika “Baba mpendwa,” na kalamu ikafanya kile ambacho haijawahi kunifanyia maisha yangu yote. Ilikwama. Nilikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo sigugumizi, Kaka, na mkaniingilia hapo hapo, wewe na yeye.

Kwa hiyo ndiyo nimevunja ahadi. Niliyemwahidi ni Baba, na ninaivunja kwa makusudi, nikiwa na akili zangu. Sasa unajua kwamba anajua. Ukimwambia kwamba nimekwambia, atanikasirikia, na ana haki. Usipomwambia, utakaa mbele yake ukijua kwamba anakusikiliza kwa kukuhurumia, kama nilivyokaa mimi mezani na kijiko changu. Chagua mwenyewe. Mimi nimechoka kuwachagulia watu maneno.

Mwezi huu sitatuma kitu. Mwezi ujao sijui. Jumamosi ya kwanza Baba ataoga mapema, atavaa lile shati la mistari, atakaa kwenye kiti chake mlango ukiwa wazi, kama anavyofanya kila mwezi. Nimeambiwa na jirani. Hatakaa pale kwa ajili ya wimbo wala kwa ajili ya supu, hilo nimelielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Anakungoja wewe. Najua unavyowaza, utasema umepata kazi ya harusi, utamtumia mtu, utajifanya mgonjwa mpaka aibu ipoe. Ukifanya hivyo, mimi nimepoteza jina langu bure, na yeye amenitoa bure.

Nenda, Kaka. Nenda mikono mitupu, uvue viatu, ukae. Akikuuliza umemletea nini mwezi huu, usitunge. Sema huna. Ni neno dogo, halina hata P. Lakini nakuonya, ukifungua mdomo kulisema mbele ya uso wake, utaona shingo inakaza na neno limesimama nyuma ya meno, na wewe ambaye hujawahi kukwama ukumbini utakwama pale kitini. Usikimbie. Baba hamkatishi mtu. Atasubiri mpaka umalize.

Nisalimie wifi na watoto, uwabusu kwa niaba yangu, hasa yule wa taa. Shangazi usimsalimie, nitamwandikia mwenyewe. Simu usinipigie. Ukiwa na la kunijibu, liandike, na liwe la kwako.

Mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.